Mwizi wa mwaka 1998 angali akinyata Adams Arcade

Usiku wa Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, nilikuwa chumbani mwangu hapa Adams Arcade, taa nimezizima, masikio nimeyafunika kwa visikizio, na macho nimeyakaza kwenye kioo cha kompyuta. Nje, magari ya Ngong Road yalikuwa yakipiga honi kama ilivyo ada yake, na makondakta wa matatu za 111 wakiita abiria wa Karen na Ngong. Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa nimejibanza penye giza ndani ya jumba la tajiri mmoja, bawabu mwenye upanga akipita hatua mbili tu mbele yangu, nami nimezuia pumzi kana kwamba kweli angeweza kunisikia.

Mara mpwa wangu akaingia. Ni kijana wa miaka 20, anasoma chuo kikuu na anakaa kwangu. Alitazama kioo, kisha akanitazama mimi, akacheka. "Mjomba," akasema, "mchezo huu ni mzee kuniliko mimi. Hujauchoka tu?"

Nilimjibu kwa mzaha, lakini swali lake lilinikaa moyoni juma zima. Maana ndani yake mna maswali mawili, na yote mawili ni ya wakati huu wetu. La kwanza: ni kitu gani kinachokifanya chombo cha burudani kidumu na utamu wake, hali vingine vyote vya rika lake vimekwisha tupwa? La pili, nalo ndilo zito: ni nani mwenye haki ya kusema kuwa sasa basi, chombo hiki kimekwisha, kifungeni?

MCHEZO WENYEWE

Ndugu msomaji ambaye hukubahatika kuuona, mchezo ninaousema unaitwa Thief, yaani Mwizi. Ulitolewa mwishoni mwa mwezi wa Novemba 1998 na kampuni ya Looking Glass Studios ya Cambridge, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani. Siku hizo michezo mingi ya kompyuta ya namna hiyo, ile ambayo mchezaji huona kwa macho ya mhusika mwenyewe, ilikuwa ni ya bunduki. Unaingia mlango huu, unafyatua, unaua, unatokea mlango ule. Mwaka huo wa 1998 lilitukia jambo jipya. Kutoka Japani ilikuja michezo miwili, Tenchu na Metal Gear Solid, na kutoka Marekani ukaja huu wa Thief. Yote mitatu ilimfunza mchezaji kunyata badala ya kushambulia.

Mhusika wa Thief ni mtu aitwaye Garrett. Alikuwa mtoto yatima wa mitaani, akaishi kwa kuchomoa mifuko ya watu. Siku moja alimwona mtu ambaye watu wengine wote walimpita kana kwamba hayupo. Akajaribu kumwibia, akakamatwa, na yule mtu badala ya kumpiga akamchukua na kumfundisha elimu ya kujificha. Baadaye Garrett aliwaacha walimu wake na elimu yao akaitumia kwa kazi yake ile ile ya zamani.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba Garrett ni mnyonge. Akikabiliana na bawabu mmoja kwa upanga, huenda akapona. Wakiwa wawili, amekwisha. Silaha yake ya kweli ni giza na ukimya. Chini ya kioo pana kito kidogo: kikiwaka, ujue unaonekana; kikififia, uko salama. Podo lake lina mishale ya maji ya kuzimia mienge, mishale ya kamba ya kupandia juu ya maboriti, na mingine ambayo ikipiga sakafu huotesha majani mororo ili hatua zako zisisikike. Na sakafu, msomaji, ndiyo adui mkubwa. Ukitembea juu ya zulia, hakuna asikiaye. Ukikanyaga marumaru, unagonga kama mpiga ngoma. Chuma ni balaa. Sauti nazo hupita milangoni na kuzunguka pembe za nyumba kama zinavyozunguka katika nyumba ya kweli, hata mtu aliyezoea huweza kujua, kwa masikio tu, bawabu yuko chumba gani, anakwenda au anarudi.

Mimi nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba za mawe zilizobanana, ambazo usiku mtoto hujua kwa sauti ya viatu ni nani apitaye kichochoroni, na kama ni baba anayerudi msikitini au ni jirani. Pengine hii ndiyo sababu mchezo huu ulinishika siku ya kwanza. Mwingi katika michezo mingine ni wa macho. Huu ni wa sikio.

LAWAMA NAZIJUA

Najua yatakayosemwa. Mtu mzima mwenye mvi, aliyesomeshwa msahafu, anakaa usiku akicheza, na tena anacheza mchezo wa mwizi! Lawama hii nimejilaumu mwenyewe kabla sijalaumiwa na mtu. Jawabu langu ni fupi. Saa mbili za Jumamosi usiku, baada ya kazi na sala, sizioni kuwa ni kuiharibu dunia. Ama kuhusu wizi, hadithi za Abunuwasi tulizosimuliwa utotoni zimejaa hila na ulaghai, wala hatukutoka hapo tukawa walaghai. Tulitoka tukijua kwamba mnyonge mwenye akili huweza kumpita mwenye nguvu. Zaidi ya hayo, mchezo huu ukiuweka katika kiwango chake cha juu kabisa humkataza mchezaji kuua binadamu. Ukimwua mtu mmoja tu, kazi yako yote imeharibika, anza upya. Nitajieni michezo mingapi ya siku hizi inayomwekea kijana sharti la namna hiyo.

Lakini hapa sina budi kuungama jambo. Nakala yangu ya kwanza niliinunua hapa mjini Nairobi mwaka 2001, kwa mchuuzi aliyezipanga sidii zake juu ya karatasi kando ya njia. Ilikuwa imenakiliwa, na jina limeandikwa juu yake kwa mkono. Yaani mchezo wa wizi nami niliupata kwa njia ya wizi. Nilijiambia kuwa sikujua. Ukweli ni kuwa sikutaka kujua. Miaka mingi baadaye, mwenzangu wa kazini alininunulia nakala ya halali kutoka duka la intaneti la GOG, ambalo makao yake yako Poland, nami nikamrudishia fedha zake mkononi. Bei haikufika dola 10. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akitwambia kwamba deni dogo nalo ni deni. Siku ile nilicheza kwa moyo mweupe, na nataka msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu nitakaposema chini kuhusu haki za mnunuzi, asidhani namtetea mwizi.

MIZANI NA VINA

Sasa turudi kwenye swali la mpwa wangu. Je, mtu huwezaje kupita katika jumba lile lile mara arubaini na bado akaona raha?

Jumba la kwanza katika mchezo ni la bwana mmoja aitwaye Bafford. Kazi ni kuingia usiku na kutoka na fimbo yake ya enzi. Mara yangu ya kwanza niliingia kwa fujo, nikapigana, nikakimbia, nikafa mara nyingi, na mwisho nikaipata. Mara ya pili niliwapiga mabawabu wote rungu la kisogo mmoja mmoja na kuwalaza gizani. Mara ya tatu nikajiwekea sharti: nisimguse mtu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijaujua mchezo. Nilianza kuhesabu hatua za mabawabu. Nilijua yupi huimba, yupi hupiga miayo, na wawili gani huzungumza juu ya kwenda kutazama dubu wakipiganishwa. Ukishampiga mtu rungu huyasikii mazungumzo yake tena. Ukimwacha, unamjua.

Wachezaji wenzangu wa nchi nyingine, ambao wengi wao sijapata kuonana nao, wameifanya sharti hiyo kuwa kanuni. Wanaiita kucheza kizimu. Mchezaji apite nyumba nzima, achukue alichokifuata, na asionekane na yeyote, wala asimshtue hata bawabu mmoja akasema, "Nani huyo?" Wako walioikaza zaidi kanuni hiyo, hata wakisema kwamba mlango ulioukuta umefungwa na ukaufungua, sharti uurudishe kama ulivyokuwa. Hakuna kampuni iliyowaamuru. Wamejifunga wenyewe, na kwa kujifunga wameupata mchezo mpya ndani ya ule wa zamani.

Kwa mtu wa utungo hili si ajabu. Anayeanza kutunga huona mizani na vina kuwa ni pingu. Kwa nini kila mshororo uwe na mizani 16, nane huku na nane kule? Kwa nini kina cha kati kifanane, na cha mwisho kifanane? Si bora kusema tu ninachotaka? Lakini akivumilia, huona kwamba pingu hizo ndizo zinazomtafutia maneno ambayo asingeyafikiria. Tarbia imetungwa pwani kwa karne na karne, beti zisizo na idadi, na haijesha, kwa sababu kila mtu akiingia ndani ya mipaka ile ile hutoka na jambo lake. Mchezo usiokuwa na mipaka humalizwa kwa siku tatu na kutupwa. Mchezo ambao mchezaji huweza kujiongezea mipaka haumaliziki.

Pana na dawa nyingine, nayo ni kusahau. Mimi huuweka mchezo huu kando miezi minne au mitano. Nikirudi, nimesahau bawabu wa ngazini hugeuka wapi, na hofu yangu ya zamani hurudi nayo. Anayekula biriani kila siku asimlaumu mpishi.

MAFUNDI WA VIRAKA

Hata hivyo, sharti za mchezaji peke yake hazitoshi. Chombo nacho sharti kiwepo, na kifanye kazi. Hapa ndipo penye hadithi ambayo naona fahari kuisimulia.

Looking Glass Studios waliotengeneza mchezo huu walitoa wa pili yake mwezi wa Machi 2000, na mwezi wa Mei mwaka huo huo wakafunga milango kwa kukosa fedha. Kwa hesabu ya biashara, kisa kingeishia hapo. Kompyuta zilibadilika. Nilipobadilisha yangu, mchezo ulianza kukataa. Mara haufunguki, mara unakatika katikati ya kazi, mara filamu zake fupi hazionekani. Kisa ni kwamba uliandikwa kwa mashine zenye kiini kimoja cha akili, na mashine mpya zina viini viwili, vinne, vinane. Fundi wangu wa Luthuli Avenue alinionyesha jinsi ya kuilazimisha kompyuta iutumie mchezo kwa kiini kimoja tu, ukatulia. Lakini ilikuwa ni kama kumfunga mzee kitandani ili asianguke.

Kisha mwezi wa Septemba 2012 mtu aliyejiita Le Corbeau, yaani Kunguru kwa Kifaransa, alitoa bure programu ya kuurekebisha mchezo wa pili wa Thief, na muda si muda na ule wa kwanza nao ukarekebika. Hakutaja jina lake la kweli wala hakudai shilingi. Kwa kiraka hicho mchezo ukafunguka katika kompyuta mpya, ukajaa kioo kizima, ukaacha kukatika. Mtu mmoja asiyejulikana aliwarudishia maelfu ya watu kitu ambacho kampuni iliyokitengeneza haikuwepo tena kuwarudishia.

Na si yeye peke yake. Looking Glass kabla ya kufa waliwaachia wachezaji programu ile ile waliyoitumia kujengea majumba ya mchezo. Basi watu wakajenga. Visa vilivyotengenezwa na wapenzi wa mchezo huu, bure, sasa vimepita 1,000. Mwaka 2005 kikundi kimoja kilitoa mfululizo mzima wa visa 13, wenye mhusika mpya, mwanamke. Mwishoni mwa 2023, mchezo ulipotimiza miaka 25, ukatoka mfululizo mwingine wa visa 10 uitwao The Black Parade, na mimi niliyedhani kuwa nimeshayaona yote nilipotea njia katika mitaa yake kama mgeni. Wengine wameunda mchezo mzima wa kunyata kwa mfano wa huu, uitwao The Dark Mod, ambao tangu 2013 unajitegemea wenyewe na mtu yeyote anaweza kuuchukua bila malipo.

Anayekaa Adams Arcade hana haja ya kwenda mbali ili aelewe jambo hili. Nyuma yetu tu hapa pana soko la Toi. Koti lililotupwa Ulaya hufika pale likiwa limekunjamana, limepotewa na vifungo. Fundi mwenye cherehani hulipunguza mabega, hulitia kifungo, na kesho linaonekana ofisini mjini. Soko lenyewe limepata kuteketezwa kwa moto, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na wenyewe wakalijenga tena. Kitu hakifi kwa sababu ya uzee. Kitu hufa kikikosa fundi, au fundi akizuiwa kukigusa.

MLANGO KUFUNGWA KWA NJE

Na kuzuiwa huko ndiko kunakotia wasiwasi siku hizi.

Mpwa wangu aliyenicheka, naye ana kisa chake. Miaka mitatu iliyopita alifanya kazi likizo nzima, akajinyima, akanunua mchezo mmoja wa vita kwa fedha zake mwenyewe, tena si kidogo. Ulikuwa mzuri kweli. Lakini haukuweza kuchezwa pasina kwanza kuomba ruhusa kutoka seva ya kampuni, huko ughaibuni. Mwaka jana alipata ujumbe kwamba seva hizo zitafungwa. Siku ilipofika, akafungua, na kioo kikamwambia hakuna njia. Hakuibiwa, hakuvunja, hakupoteza. Mchezo ulikuwa bado umo ndani ya kompyuta yake, umejaa nafasi yake, lakini ni kama sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Usiku ule alikaa kimya. Hakulilia fedha. Alililia miaka miwili aliyocheza na wenziwe.

Hili si la mpwa wangu tu. Kesi iliyovuma duniani ni ya mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Ulitolewa 2014, ukazimwa tarehe 31 Machi 2024, na walioununua hawakuweza tena kuucheza hata peke yao. Kutokana na hasira hiyo likazuka vuguvugu liitwalo Stop Killing Games, yaani acheni kuiua michezo, lililoanzishwa na Ross Scott, na katika nchi za Umoja wa Ulaya ombi la wananchi likapata saini zaidi ya 1,000,000 kufikia mwezi wa Julai 2025. Huko California, sheria iliyotiwa saini mwezi wa Septemba 2024 na kuanza kutumika 2025 imeyataka maduka ya intaneti yamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachokipata ni leseni, si mali. Na mwaka 2023 wahifadhi wa michezo wa Marekani, Video Game History Foundation, walionyesha kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa nchini humo, 87 haipatikani tena kwa kununuliwa madukani.

Hata mashine nazo zina ajali yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo zingali nzima haziruhusiwi kupanda daraja jipya. Tuliozizoea kompyuta za mitumba tunajua maana yake: mashine nzima inaitwa mzoga.

Jengo la Adams Arcade lenyewe ni shahidi. Limepewa jina la Abdul Habib Adam, mfanyabiashara wa jamii ya Wamemoni aliyelijenga katika enzi za mwisho za ukoloni, na lilikuwa na sinema yake, Metropole. Watu walilipa, wakaingia, wakatazama, wakatoka. Hakuna aliyetoka na filamu kwapani, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alijua amenunua tikiti ya kiti. Sinema ilipokwisha, ilikwisha. Ubaya wa leo ni kwamba watu wanauziwa tikiti ya kiti huku wakiambiwa kwamba wamenunua filamu.

Linganisha na bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kunamua, mtaji, kutakata, nyumba: sheria zake zimo vichwani mwa wazee wa Lamu na Unguja, wala hapana kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikalizima. Ubao ukipasuka, seremala atachonga mwingine. Kete zikipotea, komwe ziko. Limedumu vizazi kwa vizazi kwa sababu wanaolicheza ndio wenyewe.

KAMPUNI NAZO ZINA HOJA

Uadilifu unanitaka niseme na upande wa pili. Seva hula umeme na fedha, na hakuna sheria ya haki inayoweza kumlazimisha mfanyabiashara aendeshe duka lisilo na mteja mpaka kiama. Wachezaji wakibaki mia moja dunia nzima, nani alipe? Pia iko michezo ambayo kwa maumbile yake haina maana pasipo watu wengi. Hoja hizi si za kupuuzwa.

Lakini wanaolalamika hawasemi kampuni ziendeshe seva milele. Wanasema: siku mtakapokwenda zenu, tuachieni ufunguo. Tupeni njia ya kuucheza mchezo tuliolipia bila ya kuwaomba ruhusa nyinyi ambao hamko tena. Looking Glass, kampuni maskini iliyokufa kwa kukosa fedha, iliweza kuacha chombo ambacho wengine wamekitunza kwa robo karne. Kampuni tajiri zikisema kwamba haiwezekani, zina wajibu wa kutueleza kwa nini.

Kwetu Kenya jambo hili linastahili kusemwa sasa, kabla halijawa mazoea. Vijana wetu wananunua kwa simu, kwa shilingi zilizotoka jasho, vitu visivyoshikika. Michezo ni mwanzo tu. Vitabu, nyimbo, hata kanda za maulidi na taarab ambazo zamani zilikaa kabatini, leo ziko katika makabati ya watu wengine. Muulize mwanao, katika vyote alivyonunua mwaka huu, ni vingapi angebaki navyo kama muuzaji angefunga duka kesho?

Mimi baada ya kisa cha mpwa wangu nimefanya mambo mawili. Nakala yangu ya Thief, pamoja na viraka vyake na visa vyote ninavyovipenda, nimeihifadhi katika diski mbili, moja hapa na moja kwa dada yangu Mombasa. Na kabla ya kununua chochote huuliza kwanza: je, hiki kitafunguka intaneti ikiwa haipo? Jawabu likiwa hapana, hujua kuwa nakodi, na hutoa fedha za kukodi.

Ama mpwa wangu, Jumamosi ile baada ya kunicheka, nilimpisha kiti. Nilimvisha visikizio, nikamwambia, "Haya, iba fimbo ya Bafford." Aliingia kama alivyozoea, upanga mkononi, akauawa mlangoni. Akaingia tena, akauawa. Mara ya nne nilimwambia, "Baba, weka upanga. Sikiliza sakafu." Akatulia. Nikamwona amekaza uso, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu kichochoroni.

Nikaenda kulala. Nilipoamka kwa sala ya alfajiri taa ya kioo ilikuwa bado inawaka. Nikamuuliza kama ameipata fimbo. "Nimeipata tangu saa saba, Mjomba," akanijibu bila ya kugeuka. "Lakini bawabu mmoja aliniona. Narudia."